Ukuta wa mawe wa tangi la mbuna: mara ya nne, hakuna ufa

Ukuta huu ni wa mawe ya kuigiza, povu lililopakwa saruji, wa kuweka ndani ya tangi la mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa. Leo asubuhi nimefunua gunia, nikapitisha kidole ukuta mzima, juu hadi chini. Hakuna ufa. Hata mmoja!

Kuchonga hakukunisumbua, lile povu gumu la maboksi ya friji lilikuwa tayari tangu Juni. Kilichonitesa ni saruji. Mara tatu nimepaka, mara tatu imepasuka, na ile ya tatu kipande cha ukubwa wa kiganja kilibanduka chote, povu likabaki jeupe kama halijawahi kuguswa. Niliumia sana. Nikaongeza saruji kwenye mchanga, nyufa zikazidi.

Fundi mmoja mzee, jirani yangu hapa Nkuhungu, aliugonga kwa ukucha akasema, "Mwanangu, hii saruji umeinyima maji."

Nami nilikuwa nauanika juani! Saruji haigandi kwa kukauka, inagandishwa na maji. Upepo huu wa Dodoma wa Agosti unayanyonya kabla tabaka halijashika, na povu halinywi maji, halina hata tone la kurudisha.

Safari hii nilikwaruza povu kwa brashi ya waya, nikapaka tabaka jepesi kama niru (uji wa saruji), jioni, ndani ya nyumba. Lilipoanza kushika, nikafunika kwa gunia lililoloweshwa na nailoni juu yake. Nikanyunyizia asubuhi, mchana na usiku, siku tatu kwa kila tabaka. Matabaka manne. Na brashi ni ile ya katani ya kupakia chokaa. Inaacha mikwaruzo kama ya jiwe halisi. Hizi laini za rangi zinaacha manyoya tu.

Sasa ukuta umelowekwa kwenye pipa utoe chokaa. Maji ya kwanza pH (kipimo cha asidi na alkali) ilipita 10, na mbuna wa Ziwa Nyasa wamezoea kama 7.8 hadi 8.6, kwa hiyo namwaga na kujaza upya kila siku ya tatu mpaka kipimo kitulie.

Wiki hii ilikuwa zamu ya pango la kuficha bomba la chujio. Lakini jana nilipita chini ya mlima wa Mlimwa, jua likiwa linazama, nikaona itale inavyobanduka maganda kama kitunguu, kila ganda na kivuli chake chembamba. Ukuta wangu hauna hayo. Pango litasubiri. Mabaki ya povu yako mezani, na kisu nimeshakinoa.