Siku Prof alipompeleka Herodotus Igombe

Prof wetu alikuwa anasalimia korongo. Sio utani. Waliokaa Mwanza mnawajua wale korongo wakubwa wenye vipara wanaoshinda juu ya miti na kwenye madampo, sasa yeye akipita chini yao anasimama, anavua kofia, anasema maneno mawili matatu ya Kilatini halafu anaendelea na safari zake, na ukimuuliza anakwambia hao ni maseneta wa Roma, kazi hawana lakini heshima wape maana hujui watakunyea saa ngapi. Suti ya kaunda ile ile ya rangi ya udongo, kikapu cha ukili badala ya begi, na ndani ya kikapu vitabu, redio ya betri na viazi vya kuchemsha ambavyo alikuwa anavila katikati ya kipindi bila kuomba radhi kwa mtu.

Kigiriki na Kilatini alivitoa seminari, kama wazee wengi wa kizazi chake, upadri ukamshinda ila Kigiriki hakikumtoka. Akaenda kufundisha nje huko miaka na miaka, akastaafu, akarudi nyumbani, chuo kikampa kozi moja ya kuchagua ambayo watu walijiandikisha kwa wingi kwa sababu ilisemekana hafelishi. Uongo mtupu. Alikuwa anafelisha vizuri tu, tofauti ni kwamba kwake ulikuwa unafeli huku unacheka.

Sasa hiyo 2018 tulikuwa tunamsoma Herodotus. Kwa asiyemjua, huyu ni Mgiriki wa Halicarnassus, mji ambao siku hizi uko Uturuki unaitwa Bodrum, aliishi karne ya 5 kabla ya Kristo, na kazi yake kubwa ilikuwa kutembea na kuuliza watu maswali. Alipofika Misri kitu kilichomnyima usingizi ni mto Nile, kwanini unafurika kipindi cha joto, na unatoka wapi. Alipanda nao mpaka Elephantine, pale karibu na Aswan, akaishia hapo, na anasema mwenyewe bila aibu kwamba ya mbele ya hapo ni ya kusikia. Karani mmoja wa hekalu akamwambia chemchemi zake ziko katikati ya milima miwili, Crophi na Mophi, nusu ya maji inashuka Misri na nusu inaelekea Ethiopia. Herodotus akaandika yote kama alivyoambiwa halafu akaongezea kwamba yeye aliona kama huyo karani anamtania. Prof akifika hapo lazima apige meza. "Mnaona huyu mtu? Anawaletea uongo na anawatajia aliyemdanganya! Nyie mnakopi asainmenti hata hamsemi mmekopi kwa nani."

Basi Ijumaa moja kipindi kinaisha akafunga kitabu akasema kesho asubuhi tukutane stendi tunaenda Igombe, kwenye mwalo wa wavuvi, kila mtu na nauli yake. Watu tukaanza kunung'unika, kesho Jumamosi Prof, kuna mpira, kuna kufua. Akatuangalia. "Mnasoma habari za mtu aliyekufa bila kujua Nile inatoka wapi, na nyie mnakaa kwenye ziwa inapotoka, maji yake mnaogea kila siku, halafu mnaniambia kuna kufua."

Tukaenda. Kwenye hiace alikaa siti ya mbele karibu na dereva, na kuanzia Kirumba mpaka tunaupita uwanja wa ndege alikuwa anampigia konda stori ya Kaizari Nero, jinsi alivyowatuma askari wake wawili wapande Nile wakatafute inapoanzia, wakatembea wee wakaja kukwama kwenye matope na majani yasiyo na mwisho, hata mtumbwi wa mtu mmoja unapita kwa shida, wakarudi. Na aliyesimulia habari hiyo ni Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliongea na hao askari mwenyewe, Prof alilisisitiza hilo mara mbili. Konda akamuuliza kwa hiyo hao maaskari walilipwa posho au hawakulipwa? Prof akaguna, akasema hilo ni swali la maana kuliko yote aliyoulizwa semista nzima, na sisi huku nyuma tukajua tumeshatukanwa.

Igombe pale mwaloni asubuhi pananuka dagaa tangu unashuka kwenye gari. Mitumbwi ilikuwa imesharudi, taa zimepangwa juu ya mbao, kina mama wametandaza dagaa mchangani na kwenye chanja wanawageuza na mafagio, watoto wanafukuza ndege. Prof akawasalimia "mwangaluka mayu, mwangaluka" mmoja mmoja bila kumruka mtu, ikachukua muda kweli. Halafu akasimama katikati ya chanja, akatoa kitabu kwenye kikapu, akaanza kusoma. Kigiriki. Sauti juu, macho yamefumbwa nusu, mkono mmoja hewani.

Fikiria wewe ni mama unageuza dagaa zako, anatokea mzee wa suti ya kaunda na kundi la vijana wasafi anasoma kitabu kwa lugha ambayo hujawahi kuisikia maishani. Wengine waliinamisha vichwa. Prof alivyonyamaza tu mama mmoja akaitikia kwa nguvu "Amina!" na Prof, sitamsahau, akajibu "Amina" na uso mkavu kabisa, ndo akaanza kutafsiri.

Ilikuwa ile sehemu ya mbu. Herodotus anasema Wamisri wanaokaa karibu na mabwawa kila mtu ana wavu wake, mchana anavulia samaki, usiku anautandika kuzunguka kitanda anaingia ndani analala, maana ukijifunika shuka au joho mbu wanapenyeza wanakuuma tu, lakini wavu hata kujaribu hawajaribu. Na wanaokaa juu kidogo ya mabwawa wanalala kwenye minara sababu upepo haumruhusu mbu kupanda. Kina mama wakapokea. Mmoja akasema ni kweli kabisa, ghorofani hakuna mbu, yeye alishawahi kulala kwa mwanae Dar. Mwingine akauliza huyo mzungu alifika lini huku. "Si mzungu mayu, ni Mgiriki, na amekufa ina zaidi ya miaka 2,400." Yule mama akasema pole sana, kama vile marehemu ni jamaa yake Prof. Na kwa kweli alikuwa jamaa yake.

Sa pembeni kidogo, kwenye maji ya magoti, kulikuwa na kijana na mdogo wake wanavuta kitu. Prof akakaza macho. Chandarua. Chandarua cha bluu cha kulalia, wanakokota nacho vidagaa na vitoto vya samaki. Mzee akaruka! Akaanza kupiga kelele kwa furaha anaonyeshea kidole, "Vijana njooni muone! Herodotus aliona nyavu imegeuzwa chandarua, hapa chandarua kimegeuzwa nyavu! Andikeni! Andikeni haraka!" na sisi tukatoa madaftari tukaanza kuandika.

Mwaka wenyewe ndo huo 2018, operesheni ya uvuvi haramu imepamba moto ziwa zima, nyavu zinachomwa, watu wanapigwa faini za kuuza mpaka mtumbwi. Halafu anatokea mzee wa kaunda suti ananyooshea kidole nyavu haramu na vijana wake wanaandika. Aisee mwalo ulivyotoweka! Yule kijana na mdogo wake sijui walipitia wapi, chandarua kikabaki kinaelea. Mitumbwi miwili ikasukumwa majini, mtu kaburuza kokoro, ule wavu wa kukokota, anaingia nalo kwenye mihogo, kina mama nao wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyumbani. Tukabaki sisi, dagaa na ndege. Prof alikuwa bado anaongea.

Akaja mwenyekiti wa BMU, kile kikundi kinachosimamia uvuvi hapo mwaloni, mzee mfupi wa bukta na koti la mvua, mkono mmoja vidole viwili havipo. Akaamkia vizuri, akauliza kwa upole wa mtu mwenye hofu, "Mzee wangu, mmetokea uvuvi mkoa au wizarani?" Prof akajibu anatokea chuoni, anafundisha mambo ya Wagiriki. Mwenyekiti akatingisha kichwa, ni wazi haamini hata neno moja, akaomba kuona kitambulisho. Prof kitambulisho hana, hakuwahi kutembea nacho. Akampa kitabu. Yule mzee akakigeuza, akaangalia zile herufi, akakigeuza tena juu chini, akasema hiki sio cha serikali. Ndo ukawa usalama wetu.

Na hapo ndipo Prof akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akatoa viazi, akamkaribisha mwenyekiti, akamwambia mzee mwenzangu wewe umekaa na mamba, mimi nimekaa na vitabu, naomba nikusomee anachosema huyu mtu juu ya mamba uniambie wapi kadanganywa. Ikawa kesi sasa. Mamba ndani ya maji haoni, nje ya maji anaona sana. Mwenyekiti: ndani anaona, ndo anavyokupata. Miezi minne ya baridi mamba hali kitu. "Hali kitu? Mwambie aje aulize wanaochota maji." Mamba hana ulimi. Mwenyekiti akacheka. Ulimi upo, umegandishwa chini tu, hawezi kuutoa nje, yeye kashika kwa mkono huu, na akauinua ule wenye vidole pungufu, ingawa baadae alituambia vidole viliondoka na injini ya boti. Taya la juu ndilo linalotembea, la chini halitingishiki. Uongo, la chini ndo linafunguka, anainua kichwa ndo maana unadhani ni la juu. Prof kila jibu anaandika pembeni ya ukurasa na penseli, herufi ndogo ndogo, "Igombe: la," "Igombe: la."

Halafu akafika kwenye namna ya kumvua. Wamisri wanaweka mgongo wa nguruwe kwenye ndoana wanauachia katikati ya mto, wao wako ufukweni na nguruwe mzima wanampiga alie, mamba anafuata sauti, anakutana na ile nyama anameza, wanamvuta, na akishatoka majini kitu cha kwanza wanampaka tope machoni, wakishampaka hasumbui tena. Mwenyekiti safari hii hakucheka. Akatafuna kiazi mpaka kikaisha. Akasema, "Hiyo ya tope machoni, hapo huyo mtu aliongea na mvuvi. Hayo mengine kaambiwa na watu wa sokoni."

Nimesoma sana baada ya pale, maprofesa wa ng'ambo wanaojadili wapi Herodotus aliona mwenyewe na wapi alisikia tu kwa watu, vitabu vinene, na sijaona aliyeisema vizuri kumshinda yule mzee wa koti la mvua. Prof mwenyewe alinyamaza, akavua kofia, kama anavyofanya kwa korongo, ila hapa hakuweka utani.

Kina mama walirudi mmoja mmoja walipoona tunakula viazi. Tukanunua dagaa kwa sado, ilikuwa kama lazima. Mtu mmoja wetu akauliza na Speke je, yule mpelelezi Mwingereza, si alifika hapa hapa Mwanza 3 Agosti 1858 akasema chanzo cha Nile ni hili ziwa, na akapatia? Prof akasema alipatia, ndiyo, hata saa mbovu inapatia, kaona maji ya upande mmoja akatangaza ya upande wa pili, Burton, mwenzake wa safari, akambana na haki yake kumbana, mpaka akarudi tena 1862 akayaona maji yanavyotokea kule Jinja. Nadhani alimwonea kidogo Speke. Ila Prof alikuwa na watu wake na asiowapenda, na umbali wa karne haukumzuia kumchukia mtu.

Mtihani wa mwisho wa semista ulipokuja, swali la kwanza, la lazima, hili hapa: "Herodotus na Mwenyekiti wa BMU Igombe wanatofautiana juu ya ulimi wa mamba. Unamwamini nani, na kwa nini?" Msimamizi wa chumba alidhani karatasi imekosewa akatoka kwenda kuuliza. Mimi niliandika kurasa tatu za kumtetea mwenyekiti nikapata za kutosha tu. Aliyeongoza darasa ni jamaa mmoja mkimya aliyekuwa anakaa nyuma, aliandika mistari miwili, kwamba yeye hamwamini yeyote kati yao mpaka akamfungue mdomo mamba aangalie mwenyewe. Prof alimpa zote, na pembeni akaandika kwa penseli: "Vizuri sana. Usiende peke yako."