Nilivyoimba wimbo wa mapenzi wa Lambert kwa sauti ya kwaya

Nilipopewa niimbe peke yangu "Ma bergère est tendre et fidèle" ya Michel Lambert, mtunzi Mfaransa wa karne ya 17, katika tamasha la kikundi chetu hapa Lyon, sauti yangu ilikuwa bado ya kwaya ya kanisani: kubwa, iliyozoea kujaza jengo bila kipaza sauti. Lambert, baba mkwe wa mtunzi Lully, alisifika kwa kuimba sebuleni mwa watu wa Paris, mbele ya wachache waliokaa karibu na waliotaka kusikia kila silabi.

Basi nilianza na maneno. Mtu analalamika kwamba binti mchungaji anayempenda ni mpole na mwaminifu, ila penzi la binti halilingani na la mlalamikaji. Binti anapenda kundi lake, fimbo yake na mbwa wake; mlalamikaji hana wa kumpenda ila binti tu. Hadhira ikicheka kwenye mbwa, sawa. Mwimbaji asicheke, maana anayesema hayo anaumia kweli. Niliyasoma maneno kwa sauti jikoni, taratibu, kama ninayemweleza jirani shida zangu, mpaka nikajua silabi ipi ndefu na ipi fupi. Bénigne de Bacilly, katika kitabu chake cha uimbaji cha mwaka 1668, alilitengea suala hilo sehemu nzima. Pambo la sauti hukaa kwenye silabi ndefu. Ukiipamba fupi, sentensi inavunjika na msikilizaji anapotea.

Kisha nikaenda kwenye besi, sauti ya chini inayoubeba wimbo. Ni noti nne tu zinazoshuka, zikirudiwa tena na tena. Mpiga tiorba, ala kubwa ya nyuzi yenye shingo ndefu, alizipiga nami nikayasema maneno juu yake bila kuyaimba. Hapo ndipo nilipoelewa: besi haitoki ilipo, na mpenzi naye hatoki alipo. Sauti ina ruhusa ya kuchelewa kidogo au kuwahi, kwa kuwa chini kumetulia.

Jambo gumu zaidi lilikuwa kina cha sauti. Vyombo vyetu vilityuniwa noti ya A iwe hezi 392 (mitetemo 392 kwa sekunde), toni moja nzima chini ya 440 iliyozoeleka leo, na noti zangu za chini zikawa zinafifia. Kuzisukuma hakukusaidia hata kidogo. Nilipunguza pumzi, nikatamka konsonanti kwa ukali zaidi, na maneno yakafika mpaka viti vya nyuma.

Usiku ule mwenzangu aliimba "Sans frayeur dans ce bois" ya Charpentier, mtunzi mwingine Mfaransa wa zama hizo, iliyochapishwa mwaka 1680. Msichana kaingia msituni peke yake bila woga, kamwona kijana na moyo haukushtuka. Anasema hatafuti hatari, ila angalau angependa kuiogopa. Kwangu mimi hakuna mstari uliosema ukweli zaidi kuhusu mapenzi katika programu nzima. Nimeshauomba wimbo huo kwa tamasha lijalo, na besi yake nimeanza kuijifunza.