Nyumbani Kunaonekana?

Usiku wa kuamkia safari yangu ya kuupanda Mlima Meru, Mjomba alikaa kwenye kigoda, akalimwaga begi langu lote sakafuni na kuanza kulipanga upya. Ilikuwa Februari 2019. Nguo nzito akaziweka chini, vyakula katikati vigusane na mgongo, na juu kabisa jozi moja ya soksi za sufu aliyoifunga ndani ya mfuko.

“Hizi za kulalia tu,” alisema. “Hata ukilowa mpaka mifupani, mchana usiziguse.”

Alijua anachosema. Kwa miaka mingi alikuwa mgumu, kama wapagazi wa milima yetu wanavyojiita, mpaka magoti yakamkatalia. Mimi nilikulia kwake, mtaa wa Sakina mjini Arusha, na Meru tuliuona kila tulipofungua mlango wa uani. Majina ya njiani niliyajua kabla sijaijua mikoa ya Tanzania: Miriakamba, Topela Mbogo, Mgongo wa Tembo, Saddle. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, mwalimu wa sekondari, na sikuwahi kuukanyaga mlima wenyewe. Walimu wenzangu wawili walipoanza kuchanga fedha za safari, nilichanga nao.

Kutoka geti la Momella huruhusiwi kutembea bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Wetu alikuwa mtu wa maneno machache. “Dada, tusiachane,” ndilo neno alilolirudia zaidi siku ile, na tulipowakuta nyati kama ishirini wametulia kwenye uwanda wenye majani mafupi, nilielewa kwa nini. Twiga walitutazama tukipita. Tulishika njia ndefu, ile inayopita chini ya mkuyu uliojipinda kama lango, kisha msitu ukatufunika, mbega wakiruka juu ya vichwa vyetu na mikia yao myeupe.

Kabla ya Miriakamba miti iliachana kidogo, nikauona mlima kwa upande nisioujua.

Ukiwa Arusha mjini, Meru una umbo la pia, nzima. Kumbe upande wa mashariki haupo. Maelfu ya miaka iliyopita uliporomoka, vifusi vikashuka hadi huko chini yaliko sasa maziwa ya Momella, na kilichobaki ni shimo kubwa lililo wazi lenye ukuta wa mwamba unaokaribia mita 1,500. Katikati yake kimesimama kilima cha majivu, cheusi, kama mtoto aliyeachwa ndani ya nyumba iliyobomoka. Nilisimama pale muda mrefu. Maisha yangu yote nilikuwa nimekaa mgongoni mwa mlima huu nikidhani naitazama sura yake.

Miriakamba ipo mita 2,514, mabanda ya mbao yenye vyumba vya vitanda vya juu na chini. Tulilala vizuri.

Siku ya pili ni ya ngazi. Mjomba alikuwa ameniambia nihesabu kumi, nivute pumzi, nisitazame juu. Ngazi zile za mbao na udongo hazikujengwa kwa kufuata mguu wa binadamu: moja inafika kifundoni, inayofuata inafika gotini, nyingine imeliwa na maji imebaki gogo tu. Nilihesabu kumi, na kumi tena, jasho likiingia machoni na baridi ikinipiga mgongoni kwa wakati mmoja. Wagumu walikuwa wakitupita na mizigo kichwani. Kila aliyepita alisema, “Pole dada,” na mimi nisiyebeba kitu zaidi ya maji na koti la mvua niliona aibu kuipokea pole ile. Pale Topela Mbogo nilikaa chini nikamwazia Mjomba akiwa kijana, shingo imekaza, akipita hapohapo na vyakula vya watu asiowajua.

Saddle, kambi ya pili, mita 3,570. Tulipewa maji ya moto ya kunawa, kisha chai na bisi. Kichwa kilikuwa kikigonga. Jioni nilikwenda jikoni kuota moto, nikamkuta mgumu mmoja mtu mzima anakausha viatu.

“Shikamoo baba. Juu umeshafika mara ngapi?”

“Marahaba. Juu?” Alinitazama kama nimeuliza jambo geni. “Sijafika. Kazi yangu inaishia hapa. Nyie mkiondoka usiku, sisi tunalinda vitu na kuandaa uji wa mtakaporudi.”

Niliondoka pale taratibu. Nilipolala, na soksi za sufu miguuni, nilizipitia hadithi za Mjomba moja baada ya nyingine. Ile ya nyati aliyeziba njia. Ile ya theluji iliyoanguka asubuhi na wagumu kuichota kwa sufuria. Zote zilikuwa zinaishia Saddle. Sikuwahi kugundua.

Tuliondoka saa nane usiku, na kurunzi za kichwani. Baada ya Rhino Point njia hushuka kwanza, jambo linalouma unapojua utalipanda tena ukirudi, halafu kuna kipande cha mwamba mtupu ambapo mikono inafanya kazi kuliko miguu. Kiongozi wetu alinionyesha kila mahali pa kuweka kidole. Kisha yakaja majivu. Unapiga hatua mbili, unarudi moja, na upande wa kushoto kuna giza ambalo upepo wake unatoka chini. Mwenzetu mmoja alitapika mara mbili, akageuka na askari. Nilitaka kugeuka naye. Nilihesabu kumi.

Kulipopambazuka, jua lilichomoza pembeni mwa Kilimanjaro, na kivuli cha Meru kikalala magharibi kama hema. Tulifika kileleni, zaidi ya mita 4,560, saa moja na nusu. Nililia. Kisha nikatoa simu, ikawa na mtandao.

“Shikamoo Mjomba. Niko juu.”

“Marahaba mwanangu.” Alinyamaza kidogo. Nilidhani ataniuliza kuhusu baridi. “Huko juu, nyumbani kunaonekana?”

Nikageukia kusini. Mji ulikuwa chini kabisa, umefunikwa na ukungu mwembamba, mabati yakimetameta.

“Mji unaonekana. Sakina ni kama naiona. Nyumba siioni.”

“Usiharakishe. Anza na barabara ya Nairobi. Umeipata?”

“Nimeipata.”

“Sasa ifuate taratibu kuja mjini. Niambie kila unachokiona.”

Nikaanza kumweleza. Migomba, rangi ya mashamba, mahali miti inapokoma na mabati yanapoanza. Kila nilipokoma alisema, “Ehe, endelea.” Nilisikia mlango wa uani ukifunguliwa, na jogoo. Mawingu yalianza kupanda kutoka upande wa msitu, na kiongozi alinigusa bega kuwa muda umekwisha, nikamwomba dakika tano.