Sindano Itaisha Lini

Kabla sijamwona mzee mwenyewe, nilikuwa namjua kwa kipande chake cha nyama kilichotiwa rangi na kubandikwa kwenye kioo. Miezi mingi ya mwaka 2016 nilikiangalia chini ya hadubini: visiwa vya seli, na kila kisiwa kimezungushiwa safu ya seli ndefu zilizosimama bega kwa bega kama fito za ua, viini vyake vimejitenga na ukingo na kukimbilia ndani. Ukishaiona picha hiyo mara moja huisahau. Ameloblastoma.

Ni uvimbe unaotokana na mabaki ya seli zinazojenga meno tukiwa bado wadogo. Si saratani kwa kawaida, hausambai mwilini, na mara nyingi hauumi, ndiyo maana watu hukaa nao miaka wakidhani ni jino. Lakini hula mfupa. Mara nyingi hukaa taya la chini, nyuma kwenye magego, na kwenye eksirei mfupa huonekana kama mapovu ya sabuni. Huku Pwani ukitaja uvimbe wa taya, wengi hukumbuka ule wa watoto ulioelezwa na Denis Burkitt kutoka Uganda mwaka 1958. Ule ni ugonjwa mwingine kabisa, na dawa huuyeyusha kwa siku chache. Huu wa mgonjwa wangu ulihitaji kisu.

Swali la utafiti wangu wa uzamili lilikuwa dogo: waliokatwa kipande cha taya, mdomo wao wa chini unasikiaje? Faili la mzee lilisema mwanamume, miaka 58, anakaa Mtongwe, Mombasa, mkulima, taya la kulia limekatwa miaka mitatu iliyopita. Simu yake haikupatikana kliniki, basi asubuhi moja ya Agosti nikapanda feri ya Likoni na mkoba wenye fomu, pamba, bikari na rula.

Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma hasa. Nilimkuta barazani, kanzu imefuliwa ikaisha rangi, shavu la kulia limebonyea kidogo pale bamba la chuma liliposhika nafasi ya mfupa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Ndoo, ndoo ukae."

Mjukuu wake wa kike, wa miaka kama tisa, akaleta kiti na maji ya madafu. Nikaeleza nimetoka wapi na nataka nini. Akakubali bila kuuliza mengi. Nikamwomba afumbe macho, nikaanza na pamba. Upande wa kushoto akasema "hapo" kila nilipomgusa. Nikavuka katikati ya mdomo kwenda kulia. Kimya. Nikagusa tena, kidevuni, pembeni ya mdomo. Kimya. Nikachukua bikari. Mdomo wenye afya hutofautisha ncha mbili zilizoachana milimita chache tu, na wa kwake upande wa kushoto ulifanya hivyo vizuri sana, kuliko wa mgonjwa yeyote niliyekuwa nimempima. Kulia nilizipanua ncha mpaka rula ikaniishia, na yeye amefumba macho akingoja kuguswa, nami nilikuwa nimekwisha kumgusa.

Nikaandika. Ganzi: ndiyo.

Akafumbua macho. "Sasa nami nina langu, daktari. Sindano hini itaisha lini?"

Sikumwelewa. Nikamuuliza sindano gani.

"Ile ya kuulia maumivu, waliyonipiga siku ya kunikata. Mwili mzima uliamka, mdomo haukuamka. Miaka mitatu nangoja."

Niliiweka kalamu chini. Alilazwa hospitali kubwa, akapasuliwa vizuri, mshono wake ulikuwa safi kuliko mingi niliyoiona, na katika watu wote waliopita kitandani pake hakuna aliyemwambia sentensi moja. Wala mimi sikuwa nimekuja kumwambia. Nilikuja kupima. Hasira iliyonipanda siku ile haijanitoka mpaka leo, na sehemu yake ni yangu mwenyewe, kwa sababu mdomo ule niliusoma kwenye faili nikauita "tokeo linalotarajiwa".

Nikaigeuza fomu nikachora taya nyuma yake. Nikamwonyesha mshipa wa fahamu unaoingia kwenye taya kwa upande wa ndani, kule nyuma karibu na sikio, ukipita ndani ya mfupa, chini ya mizizi ya magego, kama bomba la maji lililojengewa ukutani. Hutokea kwenye kitundu karibu na kidevu, ndipo unapoingia mdomoni. Uvimbe ulikaa ukutani. Ukiukwangua tu hurudi, kwa sababu seli zake hupenya kwenye mfupa wenye vitundu, kupita pale eksirei inapoonyesha mpaka. Kwa hiyo mpasuaji hukata mfupa sentimita moja au mbili zaidi, ndani ya sehemu inayoonekana nzima. Ukuta ukaenda, na bomba likaenda nao.

"Kwa hivyo si sindano."

"Si sindano, babu. Sindano iliisha siku ile ile."

"Haurudi."

"Karibu na katikati huenda ukarudi kidogo, kwa mishipa ya upande wa kushoto. Uliobaki, hapana."

Akaiangalia ile karatasi. Akauliza kama hakukuwa na dawa. Nikamwambia ukweli kama nilivyoujua: kwamba miaka miwili tu nyuma, 2014, watafiti walikuwa wameonyesha kuwa nyingi ya vimbe hizi zina kasoro moja katika jeni iitwayo BRAF, na kwamba kwa kasoro hiyo kuna dawa zilizokwisha tengenezwa kwa ugonjwa mwingine, lakini siku aliyokatwa yeye kisu ndicho kilichokuwapo. Nikamwambia pia kwamba nimekiona kipande chake, na jinsi seli zilivyojipanga. Alisikiliza hilo kwa makini kuliko yote.

"Kumbe wewe wanijua kwa ndani."

Kisha akamtuma mtoto. Akarudi na kitu kimefungwa kwenye leso, na kioo kidogo cha kujitazamia. Ilikuwa zumari. Faili lilisema mkulima. Hakuna aliyemuuliza kazi ya usiku: harusi, ngoma ya sengenya, miaka thelathini na zaidi akiliwa na jasho mbele ya ngoma.

Hapo ndipo niliposhika kwa nini alingoja. Mpiga zumari hapumziki kuvuta pumzi. Hujaza mashavu, huyakamua yapeleke hewa kwenye chombo, na wakati huo huo huvuta hewa mpya puani, sauti isikatike. Msuli unaokamua shavu unaitwa kwa Kilatini buccinator, yaani mpiga baragumu, jina nililolikariri chuoni kwa ajili ya mtihani. Msuli huo hauamrishwi na mshipa uliokatwa. Unaamrishwa na mshipa wa uso, unaopita nje ya mfupa, na mpasuaji wake alikuwa ameutunza. Nilimwambia hivyo: nguvu za mdomo unazo zote, ulichopoteza ni habari.

Akatia zumari mdomoni. Mashavu yakajaa sawasawa, yote mawili, nikayaona. Hewa ikatoroka pembe ya kulia, na mate nayo, na yeye hakujua mpaka alipoyaona matone kwenye kanzu. Akajifuta. Mtoto akainua kioo bila kuambiwa, nikafahamu kwamba si mara ya kwanza. Mzee akaitazama pembe ile ya mdomo kiooni, akaibana kwa macho, kama mtu anayefunga kifungo cha mtu mwingine. Akapuliza. Ilitoka sauti moja, ya mkwaruzo, ikanyooka, ikakaa. Haikuwa wimbo. Alipoacha kutazama kioo ilivuja tena.

"Nilikuwa siizoeshi," akasema. "Nikiona, ya nini kuzoesha na sindano itaisha?"

Tulikaa mpaka adhuhuri. Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu akaishika ile karatasi yenye mchoro na kuniuliza kama anaweza kubaki nayo, mwanawe akirudi kazini amweleze na yeye. Nyuma ya mchoro ndiko vilikokuwa vipimo vyangu vyote. Ningeweza kuvinakili, lilikuwa jambo la dakika mbili. Nilikuwa nimekwisha kusema "chukua, babu" na kuvaa viatu.

Kwenye feri nilijaribu kuzikumbuka milimita za upande wa kushoto, zile nzuri, nikashindwa kuwa na hakika, na utafiti hauandikwi kwa kukisia. Katika majedwali ya tasnifu yangu, basi, hayumo. Kwenye fomu zilizofuata niliongeza mstari mmoja kwa mkono, juu ya lile sanduku la ganzi: Mdomo wako unaufanyia kazi gani?