Mamiya ya filamu mbele ya GFX

Kila nikipeleka picha kuchapisha Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, kuna mtu atauliza: kamera ya megapikseli 51, halafu lenzi ya enzi za filamu, kwani vipi? Jibu fupi ni pesa. Fujifilm GFX 50R yangu niliinunua mitumba, na lenzi zake zenyewe hata mitumba hazishikiki.

Jibu refu ni kwamba lenzi hii inaitosha. Lenzi yenyewe, Mamiya 645 ya 80mm, ilitengenezewa fremu ya filamu kubwa kuliko sensa yangu, kile kipande cha kamera kinachonasa picha, chenye milimita 43.8 kwa 32.9, kwa hiyo picha inajaa hadi pembeni. Helios 58mm, ile ya Mrusi, ilipimiwa fremu ya 36 kwa 24, na kwenye GFX pembe zinaingia giza. Nikiitumia, nakata picha iwe mraba na giza karibu lote linaondoka. Sura ya mtu inapendeza kwenye mraba, basi sidai zaidi.

Adapta, kiungo cha kushikisha lenzi hii kwenye kamera, ni bomba tupu, halina kioo. Mamiya inataka kukaa milimita 63.3 kutoka kwenye filamu, GFX ina 26.7, bomba linajaza tofauti. Likizidi urefu kidogo tu, vitu vya mbali havikai sawa tena. Ndiyo maana adapta mpya naijaribu kwanza kwa kuelekeza lenzi kwenye mnara wa msikiti wa Old Kampala kutoka mbali. Picha ya mnara ikitoka na ukungu, adapta inarudi dukani. Halafu kwenye menyu uiruhusu kamera kupiga bila lenzi, maana yenyewe haioni kitu pale mbele.

Juzi nilikuwa Bombo kwa hajati mmoja wa Kinubi anayesuka vikapu. Nimefungua tundu la lenzi hadi f/2.8, nimekuza picha kwenye skrini, nazungusha pete ya fokasi taratibu: kope ziko wazi, ncha ya pua imeshaanza kulainika. Akipumua tu, fokasi imehama. Akachoka.

"Mwanangu, hiyo kamera mpaka uibembeleze?"

"Ya kizee hii, Hajati. Haitaki haraka."

Akacheka, nikabonyeza. Nilipolibana tundu hadi f/5.6 kwa ajili ya mikono yake, nyuzi za zambarau na za kijani zilihesabika moja moja, bila ule ukali wa lenzi za kisasa unaochora kila tundu la ngozi.

Ukinunua ya zamani hapa kwetu, imulike kwa tochi kutoka nyuma. Unyevu huu wa ziwani unaotesha kuvu ndani ya vioo, vijiuzi vyeupe kama utando wa buibui. Ukiviona, mrudishie mwenyewe hata akupunguzie bei nusu.

Na kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya bwana harusi kujitambulisha kwa wakwe, usiilete. Bwana harusi akishapiga magoti mbele ya wakwe, hakuna atakayemwambia arudie ili wewe uzungushe pete. Siku hizo naazima kamera inayotafuta fokasi yenyewe.