Damu baada ya kuondolewa tonsili: nani yuko hatarini zaidi?

Wagonjwa wengi huamini kwamba wakishavuka usiku wa kwanza baada ya kuondolewa tonsili wamekwishaokoka. Ni kweli kwamba saa 24 za mwanzo zina hatari yake, ambayo aghalabu hutokana na mshipa usiozibwa barabara wakati wa upasuaji, lakini damu inayowakuta watu bila kutarajia huja baadaye, hasa kati ya siku ya 5 na ya 10, pale utando mweupe uliofunika kidonda unapobanduka. Utando huo si usaha, ingawa kila anayeuona kwenye kioo hudhani hivyo. Ni hatua ya kawaida ya kupona. Tatizo ni kwamba kidonda hiki huachwa wazi, kwenye sehemu yenye mishipa mingi ya damu, huku mgonjwa akiendelea kumeza.

Hatari hailingani kwa wote. Vijana na watu wazima hutokwa na damu mara nyingi zaidi kuliko watoto wadogo, na sababu iliyomfikisha mtu kwenye upasuaji nayo ina uzito. Aliyeugua mafindofindo miaka mingi, au aliyewahi kupata jipu kando ya tonsili, huwa na makovu yaliyoigandamanisha tonsili na msuli wa koo, hivyo kuitoa ni kazi ngumu kuliko kwa mtoto ambaye shida yake ni tonsili kubwa zinazomziba pumzi usingizini.

Kifaa anachotumia daktari pia kina nafasi yake. Ufuatiliaji uliofanywa Uingereza mwaka 2003 hadi 2004, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 33,000, ulionyesha kwamba takriban asilimia 3.5 walitokwa na damu, na kwamba vifaa vya umeme na joto viliambatana na damu nyingi zaidi ya siku za baadaye kuliko vifaa vya kawaida visivyotumia joto. Joto huzuia damu palepale mezani, ila likizidi huunguza nyama na kuacha kidonda kirefu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni historia ya mgonjwa, kwa sababu vipimo vya kawaida vya kuganda kwa damu vinaweza kutoka vizuri hata kwa mtu mwenye ugonjwa usio mkali wa von Willebrand, tatizo la kurithi linalofanya damu isigande vizuri. Maswali rahisi hufichua mengi: je, pua hutoka damu mara kwa mara, hedhi ni nzito kupita kiasi, jino liling'olewa damu ikakataa kukoma, au yuko ndugu wa damu mwenye shida kama hiyo? Daktari aambiwe pia kuhusu aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda, wala mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Kuhusu ibuprofeni watu wamebishana sana, lakini mwongozo wa Marekani wa mwaka 2019 unaipendekeza kwa maumivu ya watoto baada ya upasuaji huu, pamoja na parasetamoli.

Kwa mtoto, damu inaweza isionekane kabisa kwa kuwa huimeza. Anayemeza mate mfululizo akiwa usingizini, au anayetapika vitu vyeusi, achunguzwe haraka. Damu mbichi ikitoka, nendeni hospitali hata kama imekoma yenyewe, kwa maana tone dogo huweza kutangulia mtiririko mkubwa.