Tangi Langu Lilivyorudi na Kidonda Kutoka Sevisi

Pikipiki yangu niliiacha kwa wakala Jumamosi asubuhi, Barabara ya Nyerere, kwa sevisi ya kawaida: oili, chujio, mnyororo, na mafuta ya breki ya mbele, ambayo yalishakuwa na rangi ya chai. Jumatatu nikaichukua giza likiingia, nikalipa, nikaondoka. Kosa langu ni hilo la giza. Kesho yake naifuta vumbi, kitambaa kikakwama mbele ya tangi, upande wa kulia. Rangi ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa, na toka hapo mstari mwembamba umeteremka hadi kwenye stika.

Nilijua ni nini. Mafuta ya breki, haya ya madaraja ya DOT 3 na DOT 4 yanayoandikwa kwenye chupa, yana asili ya glikoli, aina ya kemikali. Yakikaa juu ya rangi huilainisha na kuiinua. Yakimwagika, dawa yake ni maji mengi papo hapo, maana yanachanganyika na maji. Ukiyafuta kwa tambara kavu unayasambaza tu. Yangu, sijui hata kama yalifutwa.

Kabla ya kurudi kulalamika nikafanya jaribio. Kikombe cha mafuta ya breki kiko kwenye usukani, kulia. Nikaukata usukani kulia wote, nikadondosha tone la maji kutoka ukingoni mwa kikombe. Likaangukia penye kidonda hasa. Nikarekodi kwa simu. Nikaitafuta na picha ya Jumamosi, kwani nina tabia ya kupiga picha dashibodi kabla sijaacha chombo kwa mtu. Tangi limo, safi, hadi bango la gereji linaonekana ndani yake kama kwenye kioo.

"Kaka, hiyo itakuwa petroli. Ulijaza wapi?" meneja akaniuliza. Nikamwonyesha kifuniko cha tangi: pembeni mwake hakuna hata alama. Akasema basi ni jua. Sikubishana, nikaomba karatasi ya kazi isomwe. Badilisha mafuta ya breki mbele. Kijana aliyeifanya kazi hiyo alikuwa mlangoni, anakunja tambara na kulikunjua. Hapo nikasema neno ambalo nadhani ndilo lililowalegeza: sitaki mtu akatwe mshahara, nataka tangi langu. FCC, ile Tume ya Ushindani inayowalinda walaji, nilikuwa nayo mfukoni kama tishio, ila haikutoka.

Wakasema watapiga polishi. Nikakataa. Polishi inakwangua ngozi ya juu ya rangi. Ni ya mikwaruzo, si ya rangi iliyoachia bati. Kupaka doa pekee nako hakufai, kwa sababu nyekundu yangu ni ya tabaka: rangi ya fedha chini, nyekundu inayopitisha mwanga juu yake, kisha vanishi. Kiraka utakiona toka ng'ambo ya barabara. Tukaelewana lipakwe tangi zima, fundi nimchague mimi, walipe wao pamoja na stika mpya. Nikasubiri iandikwe nyuma ya karatasi ile ile na kugongwa muhuri. Meneja aliguna, akagonga.

Nikaenda Gerezani kwa mzee mmoja anayepuliza rangi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo breki hiyo," akasema, sijafungua hata mdomo.

Alipiga msasa mpaka bati, eneo pana kuliko kidonda chenyewe. Mafuta yale yakibaki hata kidogo ukingoni, alisema, rangi mpya nayo itavimba. Akaosha kwa sabuni na maji mara mbili ndipo akashika thina. Kazi siku nne, laki mbili na ishirini. Wakala alilipa, baada ya simu tatu. Mzee akanikataza kujaza petroli hadi mdomoni kwa wiki nzima, na kufunika turubai.

Jua la saa sita naiona nyekundu ya tangi imekolea kidogo kuliko ya madigadi. Mke wangu anasema naota.

Sevisi iliyofuata nikarudi pale pale, safari hii mchana, na kanga kuukuu na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Kijana yule yule aliponiona akacheka kwa aibu, akaipokea kanga na kulifunika tangi mwenyewe. Chupa akaiweka kando ya spana zake.